Muuza viatu wa Karume na mdahalo wa Ijumaa

Nafundisha Kiswahili kidato cha kwanza na cha pili hapa Dar, na mdahalo wa Ijumaa nausimamia mimi. Mada haikosi kurudi: "Maisha ya mjini ni bora kuliko ya kijijini." Mtoto anasimama, anamsalimu mwenyekiti, katibu, mtunza muda na hadhira nzima mpaka dakika zinakaribia kwisha, ndipo anatamka: "Mjini ni bora kwa sababu kuna maisha mazuri!" Makofi. Hoja hapo hakuna. Ni dai lile lile limerudiwa kwa sauti kubwa zaidi.

Nikawahadithia yaliyonikuta Karume, kwenye mitumba. "Dada yangu, hiki kigumu." Dai. Muuzaji akakikunja kiatu mpaka ncha ikakaribia kisigino, akakiachia. Soli haikupata hata ufa. Ushahidi. Kisha akatamka lile ambalo wanafunzi wangu hulirukia: "Ingekuwa gundi tupu ingeachia hapa. Hii imeshonwa." Hicho nakiita kiungo, maneno yanayoonyesha kwa nini ushahidi ule unalibeba dai lile. Mwanafalsafa wa Uingereza, Stephen Toulmin, alikifafanua mwaka 1958. Jamaa wa Karume hajamsoma, na biashara inakwenda.

Aliponiona nasita akabadili gia. "Jana mwalimu mwenzako kachukua pea mbili" (chaki vidoleni ilinisaliti). Huo ni mkumbo. "Zimebaki hizi tu": kutia haraka. Hata ile "dada yangu" ilikuwa kazini. Zaidi ya miaka 2,300 iliyopita Aristotle alitaja njia tatu za kushawishi: kuaminika kwa msemaji, hisia za msikilizaji, na mantiki ya hoja yenyewe. Mkumbo na haraka vinagusa hisia. Si dhambi, ila havishoni soli.

Nikamwambia rangi imepauka. Hakubisha. "Kweli imepauka, ndiyo maana nakuachia kwa elfu kumi na mbili. Dawa ya viatu inamaliza." Kukubali kilicho kweli kwanza, halafu kujibu: hoja pinzani hushughulikiwa hivyo.

Ijumaa iliyofuata binti mmoja wa upande wa kijijini akasimama. "Mheshimiwa mwenyekiti, Muhimbili ipo mjini, sikatai. Lakini mgonjwa wa Chanika anakwama kwenye foleni Gongo la Mboto. Kuwa mji mmoja na hospitali siyo kufika hospitali."

Upande wa mjini hawakuzomea. Walianza kunong'onezana, wakagombea kalamu.