Je, wajua kwa nini kufuma sweta hutuliza akili?

Mtu aliyelemewa na mawazo hatulii kwa kuambiwa "tulia". Mpe sindano mbili na bonge la uzi, na baada ya mistari mitano sita utaona mabega yake yameshuka yenyewe. Hutokeaje?

Kitanzi kimoja kina hatua nne: chomeka sindano ya kulia ndani ya kitanzi kilicho kwenye sindano ya kushoto, zungusha uzi kwenye ncha, uvute utokeze upande wako, kisha achia kitanzi cha zamani. Kazi hiyo inataka mikono yote miwili na macho kidogo. Akili inashughulika bila kuchoka, na mawazo ya karo na kodi ya nyumba yanakosa nafasi ya kuzunguka. Pumzi nayo hufuata mwendo wa mikono. Katika miaka ya 1970, daktari Herbert Benson wa Harvard, Marekani, alionyesha kwamba kurudia neno au sala moja kwa utulivu hupunguza mapigo ya moyo na kasi ya kupumua. Kitanzi kinachorudiwa hufanya kazi ileile. Mwaka 2013 ulichapishwa Uingereza utafiti uliohoji wafumaji zaidi ya 3,500, na waliofuma mara nyingi kwa wiki ndio hasa waliosema wanajisikia watulivu. Ni maelezo yao wenyewe, si vipimo vya hospitali, lakini anayefuma hatashangaa.

Ila kufuma kunaweza pia kukupandisha hasira, na chanzo karibu kila mara ni kukaza. Mwenye msongo huvuta uzi bila kujua, vitanzi vinabana, sindano haipiti, vidole vinauma. Tandaza kazi ya wiki nzima mezani: mistari iliyobana hukuonyesha wazi siku ulipokuwa na wasiwasi. Wengi hapa Uganda walijifunza kwa njiti za baiskeli, na zinafaa kwa uzi mwembamba tu, kwa kuwa unene wake ni milimita 2 hivi. Kwa uzi wa kawaida wa sweta tafuta sindano za milimita 4.5 au 5.

Anza na vitanzi 36, upana wa sentimita 20 hivi, ufume vya aina moja kwenda na kurudi. Nakshi ziache kwanza, maana ukihesabu kila kitanzi utulivu umekwisha. Gramu 200 za uzi zinatosha skafu nzima, na kwenye baridi ya Kabale haitakaa kabatini.

Hesabu vitanzi kila baada ya mistari kumi. Ukikuta 37 au 38, angalia pembeni. Unapogeuza kazi, uzi ukiruka juu ya sindano huvuta kitanzi cha kwanza, miguu yake miwili ikaonekana kama vitanzi viwili, nawe ukavifuma vyote. Kabla ya kuanza mstari, uzi uning'inie nyuma, ukipita chini ya sindano. Na ukikosea, fumua. Ni mambo machache maishani yanayorudi nyuma bila gharama namna hiyo.

Uzi mpya ukiwa ghali, nenda kwenye mivumba, yaani mitumba, pale soko la Owino, Kampala, utafute sweta ya sufu ya kufumua. Igeuze ndani nje kwanza. Mshono wake ukiwa umekatwa na kuzungushiwa nyuzi kwa mashine, iache: kila mstari umekatika, utapata vipande vifupi tu. Uzi uliofumuliwa hutoka umejikunja kama tambi. Uzungushe kwenye mgongo wa kiti, ufunge sehemu nne, uloweke dakika 20 katika maji ya uvuguvugu, kisha uutundike kivulini. Ukikauka, ukunje kuwa bonge kwa mkono mlegevu. Bonge lililokazwa hunyoosha uzi, na skafu yako itasinyaa siku ya kwanza kufuliwa.