Usalama wa mionzi: mkuu wa timu anaongoza nini hasa?

Neno "usalama" tumelibebesha mizigo mingi. Mtu akikunong'oneza kwamba jirani yako mpya anafanya kazi "usalama", unaanza kuchagua maneno. Bango la "Usalama Kwanza" kwenye lango la kiwanda linakukumbusha kofia ngumu na buti. Askari wa getini naye ukimuuliza atasema yupo pale kwa ajili ya usalama. Basi tangazo la kazi likisema kwamba shirika la kimataifa linatafuta mkuu wa timu ya usalama wa mionzi, msomaji wa Kiswahili ana haki ya kuuliza: huyu analinda mionzi isiibwe na watu, au analinda watu wasidhuriwe na mionzi?

Analinda watu. Kwenye Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, IAEA, lenye makao yake Vienna, Austria, hizi ni kazi mbalimbali na kila moja ina wenyewe. Kuzuia wezi na magaidi wasifikie vitu vyenye mionzi ni ulinzi. Kuhakikisha nchi haichepushi urani kwenda kuunda bomu ni ukaguzi, na hao ndio wakaguzi tunaowasikia kwenye taarifa ya habari kila Iran inapotajwa. Kuzuia kinu cha umeme wa nyuklia kisiyeyuke ni usalama wa nyuklia. Usalama wa mionzi unahusu mwili wa mtu: mfanyakazi, mgonjwa, jirani wa maabara, mtoto aliye tumboni. Swali lake ni moja tu. Mwili huu umepokea mionzi kiasi gani, na je, kulikuwa na haja?

Mionzi inayozungumzwa hapa si ya simu wala redio. Ni ile yenye nguvu ya kung'oa elektroni kutoka kwenye atomi: eksirei, gama, beta, alfa, nyutroni. Haina harufu, haina rangi, haichomi mkono ukaushtua. Moto mtoto ataukimbia mwenyewe. Mionzi haikimbiwi kwa sababu haijulikani imeanza lini, na ndiyo maana kazi hii imejaa vipimo na makaratasi.

IAEA ilianza mwaka 1957, na katiba yake, kwenye kifungu cha tatu, inaipa jukumu la kuweka viwango vya usalama. Kifungu hichohicho kinaitaka itumie viwango hivyo kwenye shughuli zake yenyewe. Tumezoea kusema mganga hajigangi. Huyu kaambiwa ajigange. Shirika linalowaandikia walimwengu namna ya kujikinga lina wakaguzi wanaoingia vinuni na kusimama kando ya madimbwi ya fueli iliyotumika, na lina wanakemia wanaochambua chembe za plutoniamu, metali yenye mionzi, huko Seibersdorf, kijiji kilicho nje ya Vienna upande wa kusini-mashariki. Hao ndio watu ambao timu ya usalama wa mionzi ya ndani inawahesabia dozi.

Anza na beji. Mkaguzi anaposafiri hubeba kibeji kidogo kifuani. Aina inayotumika sana ina fuwele za lithiamu floridi. Mionzi ikipita, fuwele huhifadhi sehemu ya nishati yake. Beji ikirudi maabara inapashwa moto, fuwele zinatoa mwanga, na kadiri mwanga ulivyo mwingi ndivyo dozi ilivyokuwa kubwa. Ni kitu rahisi, lakini kinadanganyika. Mtu akiisahau begini ikapita kwenye mashine ya eksirei ya uwanja wa ndege, beji inasoma kitu ambacho mwili haukupata. Akiliacha koti kwenye kiti karibu na chanzo akaenda kula, beji inaendelea kula mionzi peke yake. Na akiiacha hotelini, inasoma sifuri safi kabisa. Ukiniuliza mimi, hiyo sifuri ndiyo inayotakiwa kumnyima mkuu wa timu usingizi, maana namba kubwa itaulizwa na kila mtu, lakini sifuri nani ataiuliza?

Ukomo wenyewe unajulikana. Dozi hupimwa kwa milisiverti, kipimo kilichopewa jina la mwanafizikia wa Sweden, Rolf Sievert. Mfanyakazi wa mionzi asizidi wastani wa milisiverti 20 kwa mwaka katika miaka 5 mfululizo, na katika mwaka wowote mmoja asivuke 50. Mikono, miguu na ngozi vina ukomo wa 500. Mtu wa kawaida asiongezewe na shughuli hizi zaidi ya milisiverti 1 kwa mwaka. Tukumbuke kwamba ardhi, anga, chakula na hewa tunayovuta vinatupa sote wastani wa takriban milisiverti 2.4 kila mwaka bila kuomba ruhusa ya mtu. Lenzi ya jicho ilikuwa imepewa 150 kwa miaka mingi, hadi mwaka 2011 tume ya kimataifa ya kinga ya mionzi iliposhauri ishushwe hadi 20, baada ya kuonekana kwamba mtoto wa jicho huja kwa dozi ndogo kuliko ilivyodhaniwa. Madaktari wanaofanya upasuaji wakiongozwa na eksirei walilisikia badiliko hilo kuliko mtu mwingine yeyote.

Wengi wanaposoma namba hizi hufikiri kazi ya timu ni kuhakikisha hakuna anayefika 20. Hapo ndipo dhana nzima inapopotea. Kinga ya mionzi husimama juu ya mambo matatu, na ukomo ni la mwisho. La kwanza ni sababu: kazi yenyewe ina faida inayozidi madhara yake? Kama haina, hata milisiverti moja ni nyingi. La pili ni kupunguza: ukishakubali kazi ifanyike, dozi ishushwe kadiri inavyowezekana kwa busara, gharama na hali ya watu vikizingatiwa. Ukomo unakuja baada ya hayo mawili. Mfanyakazi anayemaliza mwaka na 15 wakati kazi yake ingefanyika kwa 2 hajavunja ukomo wowote, lakini timu yake imeshindwa kazi. Kwa hiyo mkuu mwenye akili hujiwekea kizingiti cha ndani, chini kabisa ya ukomo, na anayekigusa anaitwa kueleza siku yake ilikwendaje. Haitwi kuadhibiwa. Akiitwa kuadhibiwa mara moja tu, beji zitaanza kubaki hotelini.

Njia za kupunguza ni za kale: muda, umbali na kizuizi. Fanya haraka, simama mbali, weka kitu katikati. Umbali ndio wa bei rahisi kuliko vyote. Ukitoka mita 1 hadi mita 2 kutoka kwenye chanzo kidogo, mionzi inashuka hadi robo. Ukifika mita 3, unabaki na sehemu moja ya tisa. Ndiyo maana mtu aliyefunzwa vizuri huonekana mvivu: anafanya mazoezi ya kazi kwenye chumba kitupu mara kadhaa, kisha anaingia, anamaliza kwa dakika 2, anatoka. Asiyefunzwa anaingia na shauku na kuanza kutafuta bisibisi.

Lakini kuna mionzi ambayo beji haiioni kabisa. Chembe za alfa zinazotoka kwenye plutoniamu zinazuiwa na karatasi, hata na tabaka la ngozi iliyokufa. Zikiwa nje ya mwili hazina habari. Ukizivuta kwa pumzi, zikakaa pafuni na baadaye mfupani, habari inabadilika, na hapo kinachosema ni kipimo cha hewa, kipande cha karatasi kilichopangusiwa mezani, na chupa ya mkojo.

Tarehe 3 Agosti 2008, kiasi cha saa nane na nusu usiku, chupa ndogo ya sampuli iliyozibwa ilijaa mgandamizo ndani ya kabati la chuma kwenye maabara ya IAEA ya Seibersdorf, na plutoniamu ikachafua chumba cha kuhifadhia. Hapakuwa na mtu kazini. Shirika lilieleza kwamba hakukuwa na dalili ya mionzi kuvuja kwenda kwenye mazingira. Plutoniamu hailali hata ikifungiwa: alfa zake huendelea kuvunja kimiminika au plastiki iliyo jirani, gesi inazaliwa taratibu, na chupa iliyozibwa vizuri inageuka chungu kisicho na pa kupumulia. Miaka iliyofuata shirika lilijenga maabara mpya ya vitu vya nyuklia palepale Seibersdorf.

Naona tukio hilo dogo linafundisha kazi hii kuliko mlipuko wa kinu cha Chernobyl. Hakuna aliyekosea usiku ule. Wote walikuwa wamelala. Kama kulikuwa na swali, lilipaswa kuulizwa na mtu mwingine, mchana wa zamani, wakati chupa inawekwa kabatini: hii itakaa humu muda gani, na nani atakumbuka kuifungua?

Hapa ndipo uongozi wa mkuu wa timu unapokuwa wa ajabu. Timu yake mwenyewe ni ndogo: wapimaji, mafundi wa vifaa, watunza kumbukumbu, mtu wa mafunzo. Watu ambao usalama wao unamhusu si wa kwake. Wakaguzi wana bosi wao mwenye ratiba, wanakemia wana wa kwao mwenye sampuli za kumaliza kabla ya Ijumaa. Anachomiliki mkuu wa usalama wa mionzi ni haki ya kusema "simamisheni". Haki hiyo haifai kitu ikiwa anayemjazia tathmini ya mwaka ndiye huyohuyo anayesimamishiwa kazi. IAEA huzihimiza nchi ziwe na mamlaka ya udhibiti iliyo huru na wale wanaodhibitiwa, kama vile Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania inavyotakiwa kumkagua mwenye mashine ya eksirei bila kumtegemea kwa lolote. Ndani ya shirika mantiki ni ileile, ila sasa mnakutana kwenye lifti.

Halafu kuna lugha na malezi. Kwenye meza moja utakuta Mbrazili, Mjapani, Mrusi, Mkenya. Wengine wamekulia mahali ambapo mdogo hamkosoi mkubwa mbele za watu, na sisi ni miongoni mwao. Baada ya Chernobyl, mwaka 1986, wataalamu washauri wa IAEA walianza kuzungumzia "utamaduni wa usalama", yaani desturi ya watu kulitanguliza jambo hili hata wasipotazamwa. Dhana nzuri, lakini inamtaka fundi wa daraja la chini amwambie profesa "glavu zako zimechanika". Mkuu anayejua kazi yake hufanya fundi huyo aone ni jambo la kawaida. Namna ya kulifanya haimo kwenye mwongozo wowote.

Tukitoka nje ya shirika, sura inabadilika tena. Septemba 1987 huko Goiânia, Brazil, watu wawili walichukua sehemu ya mashine ya tiba ya saratani iliyoachwa kwenye jengo tupu, wakaiuza kama chuma chakavu. Ndani yake mlikuwa na seziamu-137, unga uliong'aa buluu gizani, watu wakagawiana kama zawadi. Wanne walikufa, zaidi ya watu 112,000 walipimwa uwanjani, 249 wakakutwa wamechafuka. Brazil iliomba msaada na wataalamu wa kimataifa wakaenda. Waliomba, ndilo neno lenye uzito hapo: timu ya shirika haina amri ndani ya nchi ya mtu, inashauri na kupima.

Sehemu nyingine ya kazi ya nje haina kelele kabisa. Miaka ya 1990, kwa msaada wa IAEA, ndorobo waliolelewa Tanga waliwekwa kwenye mionzi ya gama ili madume wawe tasa, kisha wakaachiwa kwa ndege juu ya Unguja kwa mamilioni, hadi ndorobo wakaisha kisiwani. Wapo wanaoukumbuka mradi huo kwa ajili ya ng'ombe. Mtu wa usalama wa mionzi anakumbuka kwamba palikuwa na chanzo chenye nguvu katikati ya Tanga, na kwamba IAEA haitakiwi kukisaidia chanzo kama hicho kifike mahali kabla ya kuridhika na kinga ya watakaokitumia.

Limebaki suala la muda. IAEA kwa kawaida haiwaajiri wataalamu wake kwa maisha. Mtu hukaa kama miaka 7, akampisha mwingine. Nusu ya plutoniamu-239 iliyomo chupani itakuwa bado ipo baada ya miaka 24,000. Mkuu mpya anakabidhiwa kabati lililojazwa na watu aliowahi kuwaona pichani tu. Anakabidhiwa pia mafaili ya dozi, ambayo viwango vinataka yatunzwe mpaka mhusika afikishe umri wa miaka 75, au ambao angeufikisha kama angekuwa hai, na yasitupwe kabla ya miaka 30 kupita tangu aache kazi. Mkaguzi aliyestaafu mwaka huu akiwa na miaka 60, na miaka 25 baadaye daktari wake akataka kujua alipata kiasi gani alipokuwa kijana, faili lake litakuwa likitafutwa na mtu ambaye leo yumkini bado yuko shule ya msingi.