Je, wajua kwa nini shokapu ya baiskeli ya mtoto haibonyei?

Simama kwa dakika kumi mahali wanapouza baiskeli za mtumba, Dar es Salaam au kwingineko, umtazame mzazi anayemnunulia mwanawe. Anashika usukani, anakamata breki ya mbele, kisha anaulalia kwa uzito wake wote. Foku, yaani ule uma unaoshika gurudumu la mbele, inashuka, inapanda. "Hii shokapu yake nzuri," anasema, na hela inatoka. Mtoto mwenyewe yuko pembeni, kilo 25 pamoja na viatu.

Kosa limeshafanyika: aliyebonyeza siye atakayeendesha.

Hesabu ya springi ni nyepesi. Ukiipa theluthi ya mzigo, inabonyea theluthi. Foku nyingi za bei nafuu, hata zile za gurudumu la inchi 20 au 24, zina springi ngumu ya kumfaa mtu mkubwa. Tuseme mtu wa kilo 75 akikaa tu kwenye siti, foku inashuka milimita 18. Mtoto wa kilo 25 ataishusha 6. Na hizo 6 nazo huenda asizipate, kwa sababu miguu ya foku inasuguana ndani kwa ndani, na msuguano huo hauna huruma na mtoto: lazima ushindwe kwanza ndipo springi ianze kazi. Kwa hiyo foku iliyoandikwa milimita 80, yaani mwendo wake wote wa kushuka, inambebesha chuma tu.

Tena chuma kizito. Foku ya springi ya bei ya chini hufika kilo 2 na ushee, wakati foku ngumu ya alumini, isiyo na shokapu kabisa, inaweza kuwa chini ya kilo 1. Wewe utasema kilo moja na nusu ni nini? Baiskeli ya kilo 12 kwa mtoto wa kilo 24 ni nusu ya mwili wake. Jaribu wewe wa kilo 75 kupanda kilima na baiskeli ya kilo 37, halafu tuongee.

Na kile kifundo cha kuzungusha juu ya foku, chenye alama za kujumlisha na kutoa? Wengi hudhani kinalainisha springi. Hakilainishi. Kinaamua tu ianze ikiwa imebanwa kiasi gani. Ugumu wake unabaki ule ule.

Dawa yenyewe ni hewa, kwani foku ya hewa unaijaza kulingana na kilo za mtoto, na akikua unaongeza. Wala si jambo geni: RS-1, foku ya kampuni ya RockShox, iliyotoka Marekani mwaka 1989 na kuzitia shokapu katika baiskeli za milimani, ilitumia hewa na mafuta. Leo kampuni za Taiwan kama RST na SR Suntour zina foku za hewa za inchi 24. Ila bei ya foku hiyo peke yake inaweza kuipita baiskeli nzima ya mtumba, na inataka pampu yake ndogo ya shokapu. Usiipeleke kwenye kompresa ya kujazia matairi ya magari.

Ukikuta foku ya inchi 26 kwa bei ya kutupa, iache. Rimu ya 24 ina kipenyo cha milimita 507, ya 26 ina 559, kwa hiyo breki za kubana rimu zitakaa milimita 26 juu ya mahali zinapotakiwa. Hata kama breki ni za diski, baiskeli itainua pua na usukani utakuwa mzito kugeuza. Pima pia shingo inayoingia kwenye fremu: nyingi ni milimita 28.6, lakini baiskeli ndogo na za zamani huwa na nyembamba zaidi.

Mpwa wangu ana miaka minane, na baiskeli yake ni ya inchi 24. Tulifunga mpira wa kufungia noti kwenye mguu wa foku unaong'aa, tukausogeza hadi chini, akapanda taratibu na kushuka. Mpira ulisogea milimita 2. Ulitakiwa kusogea 16 hadi 20, yaani moja ya tano hadi robo ya zile 80. Fundi alifungua bolti mbili za chini, akavuta. Ndani mlikuwa na kutu na vumbi, grisi hamna, na springi ilikuwa mguu mmoja tu, na kipande cha mpira mgumu kimeshindiliwa katikati yake. Akakitoa, akasafisha, akapaka grisi. Mimi nikapunguza upepo wa matairi, ambayo ni mapana, kutoka paundi 40 hadi 22; kwa mtoto mwepesi tairi ndiyo shokapu ya kwanza, na haina bei.

Jioni alirudi kutoka kwenye matuta ya mtaani. Mpira wa noti ulikuwa umepanda milimita 31, na yeye anauliza kama anaweza kuuhamishia kwenye baiskeli ya rafiki yake.