Badiliko la jeni lisilojulikana maana ni nini?

Mwanamke ambaye mama na dada zake waliugua saratani ya matiti akipimwa jeni za BRCA1 na BRCA2, hungoja jibu moja kati ya mawili: ipo hitilafu, au haipo. Kuna jibu la tatu, nalo huwanyima watu usingizi: badiliko limeonekana, ila maana yake haijajulikana.

Kwanza tuondoe kosa moja. Utasikia "fulani ana BRCA", kana kwamba jeni hiyo ndiyo ugonjwa. Sote tunazo, wanawake kwa wanaume. Kazi yake ni kutengeneza protini zinazosaidia kuunga DNA, yaani uzi mwembamba ndani ya seli unaobeba jeni zetu, inapokatika. Tunarithi nakala mbili, moja kwa baba, nyingine kwa mama. Aliyerithi nakala mbovu hukingwa na ile nzima; hiyo nayo ikiharibika ndani ya seli ya titi, makosa hurundikana humo na saratani yaweza kuanza. BRCA1 ilibainishwa mwaka 1994, BRCA2 mwaka 1995.

Jeni ni andiko refu la herufi nne tu: A, C, G na T. Herufi ikidondoka, mara nyingi usomaji wote unaofuata huvurugika, na ubovu huonekana wazi. Ugumu uko pale herufi moja inaposhika nafasi ya nyingine. Mtu akiandika "lafiki" tunajua amekusudia rafiki. Lakini akiandika "karamu" alipotaka kalamu, ameomba kitu kingine kabisa. Herufi zilizobadilishana ni zile zile, madhara ni mbalimbali. Badiliko la jeni nalo huenda likawa "lafiki" au "karamu", na kwa kulitazama tu hutambui.

Hapo ndipo maabara inapohitajika. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, walitumia seli za binadamu ambazo haziwezi kuishi bila BRCA1 inayofanya kazi. Walibadilisha herufi moja moja katika sehemu nyeti za jeni hiyo, mabadiliko karibu 4,000, kisha wakaangalia seli zipi zimesalia. Badiliko ambalo seli zake zilitoweka lilikuwa limeivunja jeni. Naipenda kazi hii kwa sababu haikungoja wanawake waugue ndipo jibu lipatikane.

Waafrika hupewa jibu hili la tatu mara nyingi zaidi kuliko Wazungu, kwa kuwa kumbukumbu za jeni ambazo maabara hulinganishia majibu zimejaa watu wenye asili ya Ulaya. Hilo ni pengo la utafiti, si kasoro ya miili yetu.

Ukipewa jibu hili, usikubali kukatwa titi kwa sababu yake peke yake. Mengi ya mabadiliko haya, yakishachunguzwa, huonekana hayana madhara. Daktari aongozwe na historia ya ukoo wako. Nawe tunza karatasi ya majibu, urudi kuuliza baada ya mwaka au miwili, maana huenda maana yake imeshajulikana.