Je, wajua kwa nini bakshishi haimfikii mpishi?

Umekula chakula kikakukolea, ukaacha bakshishi mezani. Uliyetaka kumshukuru hasa ni aliyekipika. Lakini yeye yuko jikoni kwenye moto, na mara nyingi pesa hiyo haivuki mlango wa jikoni. Huichukua mhudumu aliyekuletea sahani.

Wengi hudhani hiyo ni desturi tu. Marekani, sheria ndiyo iliyojenga ukuta huo. Mwaka 1966 sheria ya kima cha chini cha mshahara, iliyotungwa 1938, ilipanuliwa ikawagusa wafanyakazi wa mikahawa na hoteli. Papo hapo mwajiri akaruhusiwa kuihesabu bakshishi kuwa sehemu ya mshahara. Tangu 1991, sheria ya shirikisho inamtaka amlipe mhudumu dola 2.13 tu kwa saa, ilhali kima cha kawaida ni dola 7.25. Bakshishi isipofikisha hapo, mwajiri hutakiwa kuziba pengo. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mshahara huo anaulipa mteja, naye anadhani anatoa shukrani.

Hapo ndipo mpishi alipoachwa nje. Ikiwa bakshishi ndiyo mshahara wa mhudumu, tajiri hawezi kuimega ampe mtu wa jikoni ambaye tayari analipwa kima kamili. Mwaka 2018 sheria ilirekebishwa: mwajiri anayewalipa wote kima kamili anaweza kuweka mfuko mmoja, wapishi na waosha vyombo wakapata fungu lao. Wenye mikahawa na mameneja wakakatazwa kuzichota bakshishi za wafanyakazi wao. Katika majimbo kama California na Washington, mhudumu hupata kima kamili cha jimbo na bakshishi juu yake. Huko kumwacha mpishi mikono mitupu ni kugumu zaidi kutetea.

Wahudumu wana hoja yao, na ni ya kweli. Mteja akikasirika, wao ndio wanaofokewa. Siku wateja wakiwa wachache, mpishi anapata mshahara wake uleule, wao wanarudi na vijisenti. Lakini tazama pia jinsi bakshishi inavyokokotolewa kwa asilimia ya bili: aliyebeba chupa ya mvinyo wa bei kali hupata zaidi ya aliyebeba jagi la maji, ingawa hatua walizopiga ni zilezile. Hata baina ya wahudumu wenyewe, meza uliyopangiwa inaweza kukupa zaidi ya juhudi yako.

Mimi naunga mkono mfuko wa pamoja, kwa sharti moja: kila mfanyakazi ajue unagawanywaje. Mfuko ambao hesabu yake anaijua meneja peke yake huzaa minong'ono zamu nzima, na minong'ono hiyo mara nyingi ina msingi. Ndiyo maana naipenda sheria iliyoanza kutumika England, Scotland na Wales tarehe 1 Oktoba 2024. Mwajiri lazima awape wafanyakazi bakshishi yote bila kukata kitu isipokuwa kodi, aigawe kwa haki, awe na utaratibu ulioandikwa, na atunze kumbukumbu ambazo mfanyakazi ana haki ya kuziomba.

Ufaransa wamekwenda mbali zaidi: bei iliyo kwenye menyu huwa tayari imebeba gharama ya huduma. Sarafu utakayoiacha mezani huko ni asante tu. Mshahara wa mhudumu hauingojei.