Kadi za VQ5 hazipatikani Uganda

Boksi la kwanza nililinunua Kampala, kwa kijana mmoja aliyekuwa ametandaza vitabu vikuukuu kando ya barabara karibu na Old Taxi Park. Alidhani ni kadi za salamu za Krismasi, na aliponiona nimechuchumaa nikizipitia moja moja aliniambia kwa huruma, "Mzee, hizo hazina kazi tena, zimeshaandikwa." Nilimjibu kwamba nazitaka kwa sababu hiyo hiyo, tukapatana bei, nikapanda basi la kurudi Jinja nikiwa nimelipakata boksi hilo kama mtoto. Ndani yake mlikuwa na kadi 214 za QSL, zote zimepelekewa mtu mmoja ambaye alama yake ya wito ilianza na VQ5, mwanzo wa alama za Uganda enzi za ukoloni. Herufi zilizofuata sitaziandika hapa, kwa kuwa miongoni mwa wanaredio wa ridhaa, yaani wanaozungumza hewani kwa mapenzi tu, alama ya wito humtambulisha mtu sawasawa na jina lake.

Kwa msomaji asiyeijua kazi hii, kadi ya QSL ni kadi ya ukubwa wa postikadi ambayo mwanaredio humtumia mwenzake kuthibitisha kwamba walizungumza hewani, iwe kwa sauti au kwa alfabeti ya Morse. Herufi hizo tatu zimetoka katika misimbo inayoanza na Q, ambayo ilibuniwa mwanzoni mwa karne ya 20 kwa ajili ya wapeleka simu wa melini na wa pwani, na maana yake ni "nathibitisha kupokea." Kadi ya zamani zaidi inayotajwa ilitoka Buffalo kwenda Philadelphia mwaka 1916. Desturi hiyo ingeweza kubaki adabu tu ya watu wanaopendana kwa mbali, lakini mwaka 1937 chama cha wanaredio wa Marekani, ARRL, kilianzisha tuzo ya DXCC kwa yeyote aliyewasiliana na nchi 100, na ushahidi uliotakiwa ulikuwa kadi. Tangu hapo mwanaredio aliyeishi katika nchi yenye wanaredio wachache, kama Uganda, aliwindwa. Akibonyeza ufunguo wa Morse mara mbili tatu, nusu ya dunia humjibu kwa pamoja, na baada ya miezi michache sanduku lake la posta hufurika.

Hapa ndipo wakusanyaji wanaoanza hukosea, na mimi nilikosea pia. Kadi iliyochapishwa VQ5 haikukaa Uganda. Ilichapishwa ili iondoke, na ilikwenda Ohio, Leeds, Johannesburg au Osaka, ikabandikwa ukutani mwa chumba cha redio cha mtu ambaye pengine hakuwahi kuiona Afrika. Zilizobaki Kampala, Jinja na Entebbe ni zile zilizoingia, yaani kadi za wageni. Kwa hiyo Mganda anayetaka kukusanya kadi za Uganda hana budi kuzitafuta nchi za nje, katika minada ya mtandaoni na katika mirathi ya wanaredio wa Uingereza na Marekani, na huku nyumbani atafute kadi za dunia nzima. Huko Vienna, Austria, kuna hifadhi ya kumbukumbu za redio inayoitwa Dokufunk, yenye mamilioni ya kadi, na mtu anayeutafuta utoto wa redio ya nchi yake atafika haraka zaidi akianzia huko kuliko akianzia mtaani kwake. Kwa miaka mitatu nilizunguka maduka ya vitu vya kale nikiuliza kadi za VQ5, nikionyeshwa za W, yaani za Marekani, na za G, yaani za Uingereza, nami nikizikataa kwa kiburi. Leo ningezichukua zote.

Alama yenyewe ndiyo kitu cha kwanza cha kusoma. Enzi za ukoloni Zanzibar ilikuwa VQ1, Tanganyika VQ3, Kenya VQ4 na Uganda VQ5. Baada ya uhuru Uganda ikawa 5X5, Kenya 5Z4, Tanganyika 5H3 na Zanzibar 5H1. Mkusanyaji asidhani, hata hivyo, kwamba alama ziligeuka usiku ule ule wa tarehe 9 Oktoba 1962 bendera ilipopandishwa. Kadi zilichapishwa kwa mamia, na hakuna mwanaredio aliyependa kuzitupa, hivyo mara nyingine utaikuta VQ5 imekatwa kwa kalamu na 5X5 imeandikwa juu yake kwa mkono. Wauzaji huziita kadi hizo zilizoharibika na kuzishusha bei, nami huzinunua bila kubisha, kwa sababu kwangu ni kadi bora kuliko safi zilizochapishwa upya: mstari ule mmoja wa kalamu ni uhuru uliopita mezani kwa mtu. Kwa majirani kuna jambo jingine la kuangalia, nalo ni nchi za redio zilizofutika. Kadi ya 9U5 iliyo na tarehe kati ya 1 Julai 1960 na 30 Juni 1962 huhesabiwa na DXCC kuwa ya Ruanda-Urundi, nchi ambayo haipo tena, na Zanzibar ilihesabiwa peke yake hadi tarehe 31 Mei 1974.

Upande wa mbele wenye picha ya korongo, maporomoko ya Murchison au mtu aliyeketi nyuma ya mitambo yake ndio unaouza kadi. Mimi husoma upande ulioandikwa. Humo utakuta tarehe, saa, masafa, ripoti ya RST, na mara nyingi maelezo ya vyombo. R ni jinsi maneno yalivyoeleweka, kuanzia 1 hadi 5. S ni nguvu ya mawimbi, kuanzia 1 hadi 9. Na T, inayotumika kwa Morse tu, ni usafi wa mlio, nao pia huishia 9. Ripoti ya 599 ni sifa kamili, na kwa sababu hiyo haikuambii mengi, maana wengi waliitoa kwa heshima tu. Ripoti ya 449 au ya 337 ndiyo ya kuaminiwa: mtu huyo alihangaika kusikia, na akaandika alichokisikia. Kwenye vyombo utakutana na 807, valvu (taa ya kioo ya redio za zamani) iliyokuwa ya kawaida katika mitambo ya kujitengenezea nyumbani, na vipokezi kama Eddystone wa Uingereza au AR88, mtambo wa kampuni ya RCA uliouzwa kwa bei rahisi baada ya vita. Mwishoni huwa kuna 73, yaani salamu njema. Ukikuta 88, mwandishi ametuma busu, kwa hiyo tazama jina la mpokeaji kabla hujaanza kuwaza mengi.

Saa ndiyo inayowachanganya wengi, kwa kuwa huandikwa kwa GMT. Wasomaji wetu wa Kiswahili wana bahati hapo, kwa maana hesabu yetu ni nyepesi kuliko ya Mzungu: chukua saa iliyo kwenye kadi, toa tatu, na jibu likizidi kumi na mbili toa kumi na mbili, au lisipofika moja ongeza kumi na mbili. Kadi inayosema 1830 GMT, kwa saa zetu za leo, ni saa tatu na nusu usiku. Inayosema 0200 ni saa kumi na moja alfajiri, wakati jogoo wa jirani alikuwa anasikika kwenye maikrofoni. Kumbuka tu kwamba kuanzia 2100 GMT huku kwetu tarehe imeshabadilika, na kwamba Mmarekani hutanguliza mwezi, hivyo 5-8-58 kutoka Texas ni tarehe 8 Mei na kutoka Bristol ni tarehe 5 Agosti. Nimewahi kupanga kadi thelathini kwa mfuatano usio sahihi kwa kusahau hilo.

Kisha ziangalie stempu na muhuri wa posta, kama kadi ilisafiri uchi bila bahasha. Katika miaka hiyo posta ya Afrika Mashariki ilikuwa moja, na stempu ziliandikwa Kenya, Uganda na Tanganyika kwa pamoja. Stempu ya senti 30 ya mwaka 1954 yenye bwawa la Owen Falls, iliyotolewa kwa ziara ya Malkia Elizabeth II aliyekuja kulifungua, hunifurahisha kuliko zote kwa kuwa bwawa lenyewe naliendea kwa miguu. Uganda ilitoa stempu zake za uhuru mwaka 1962. Tarehe ya kadi ni ya mazungumzo, wala si ya kupelekwa posta, na wanaredio wengine walijibu baada ya mwaka mzima, kwa hiyo stempu mpya kwenye kadi ya mazungumzo ya zamani si lazima iwe hila. Kinachotakiwa ni muhuri uje baada ya mazungumzo, na stempu iwe ilikwisha kutolewa siku muhuri ulipogongwa. Kadi nyingi hazina stempu kabisa, kwa sababu zilipita kwenye ofisi za kadi za vyama, ambazo zilikusanya mafurushi na kuyatuma kwa pamoja ili kupunguza gharama. Aliyetaka jibu la haraka alituma bahasha yenye kuponi ya kimataifa ya kujibia, ambayo Umoja wa Posta Duniani uliikubali katika mkutano wa Roma mwaka 1906, au aliweka noti ya dola, ambayo wenyewe huiita stempu ya kijani.

Ukiletewa kadi yenye tarehe ya mwaka 1943, simama kwanza. Uingereza ilisitisha leseni za wanaredio wa ridhaa mwaka 1939 na kuanza kuzirudisha mwaka 1946, na Marekani iliwanyamazisha wake kuanzia Desemba 1941 hadi Novemba 1945. Kinyume chake, usishangae kuona kadi nyingi za miaka ya 1957 hadi 1959 kwenye masafa ya mita 10. Mzunguko wa 19 wa jua, yaani kuongezeka na kupungua kwa madoa yake, ulifikia kilele chake wakati huo, kilele kikubwa kuliko chochote kilichorekodiwa tangu watu waanze kuhesabu madoa ya jua, na tabaka za juu za anga zilizochajiwa na mwanga wake zikawa zinayarudisha duniani mawimbi ya megahezi 28 ambayo siku nyingine yangepotelea angani. Wati chache na kipande cha waya juu ya mwembe vilitosha kufika Amerika. Jua lilipotulia, kufikia mwaka 1964, mita 10 zilikuwa kimya, na ukimya huo unauona wazi katika boksi.

Kuhusu utunzaji nitasema machache, na la kwanza ni la aibu yangu. Kadi kumi na moja nilizipeleka kwa wenye mashine ya laminesheni, nikidhani nazihifadhi. Joto lilitandaza wino, plastiki ikashikana na karatasi, na hakuna njia ya kuitoa bila kuichana kadi. Tumia mifuko ya poliesta au polipropilini, uepuke ile laini ya PVC yenye harufu, kwa maana hutoa asidi na kuganda na wino. Weka rafu mbali na ukuta, kwa ajili ya mchwa na unyevu wa masika, na piga picha pande zote mbili kabla ya kitu kingine chochote. Usiondoe stempu. Muuzaji mmoja, ambaye simtaji, aliniuzia bahasha ya kadi za VQ4 na VQ5 ambazo kila moja ilikuwa na shimo la mraba pembeni, kwa kuwa alikwisha kukata stempu na kuziuza kwa wakusanyaji wa stempu. Aliponiona nimekasirika aliniambia kwamba maandishi yote bado yapo. Muhuri wa posta ulikuwa umeondoka na stempu, na pamoja nao mji na siku.

Narudi kwenye boksi langu. Nilipozipanga zile kadi 214 kwa tarehe na kwa saa, nilijikuta nimeandika upya daftari la mtu nisiyemjua. Alikaa mezani zaidi Jumamosi, kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa nne usiku. Alianza na mtambo wa kujitengenezea, kwa maana wenzake wanamwandikia, "pole kwa 807 iliyoungua." Kuna wiki sita mwaka 1957 asizosikika kabisa, na baadaye kadi mbili zinamtakia nafuu. Sina hata kadi moja katika boksi hilo iliyoandikwa na Mwafrika mweusi, na hilo linaeleza leseni zilikwenda kwa nani zama hizo kuliko ambavyo ningeweza kueleza kwa aya nzima.

Kati ya hizo 214 kuna moja kutoka Ohio, ya Jumamosi tarehe 15 Machi 1958, mita 10, saa 1412 GMT. Baada ya kupekua minada kwa miaka minne niliipata nyenzake: kadi ya VQ5 yenyewe, iliyokwenda Ohio na kukaa huko zaidi ya nusu karne, sasa imerudi Jinja katika bahasha yenye katoni. Masafa ni yale yale na siku ni ile ile. Mmarekani alimpa mwenzake 579, akapewa 589. Huyu wa kwetu ameandika saa 1415, kwa hiyo mmoja wao saa yake ilikuwa imekosea kwa dakika tatu, na bado sijajua ni yupi.