Dogo kaniuliza PCR ni ya nani

Juzi dogo mmoja aliyekuja fildi maabara kwetu, tunapanga tyubu kwenye mashine, kaniuliza hivi kaka hii PCR, yaani njia ya kutoa nakala nyingi za DNA, ni mali ya nani? Nikacheka, maana nilishakesha na simu nikisoma patenti zake (hati za umiliki wa uvumbuzi), namba 4,683,195 na 4,683,202 za Marekani, zote zimetoka 28 Julai 1987.

Patenti ukiifungua achana na maelezo ya mbele, shuka chini kabisa kwenye madai, yaani panaposema mwenye patenti anamiliki nini hasa, ndo penye nyama. Ile ya 202 inadai njia ya kuzidisha DNA na ina jina moja tu, Kary Mullis. Ile ya 195 inadai kutambua kama mfuatano fulani upo kwenye sampuli au haupo, na humo wamejaa watu sita, Mullis na wenzake wa kampuni ya Cetus. Na hiyo ya pili ndo inayotugusa sisi wa vipimo, mgonjwa hajali umezidisha nini, anataka jibu, upo au haupo.

Kazi yenyewe unaijua, unachemsha mpaka nyuzijoto 95 kamba mbili za DNA ziachane, unapooza praima (vipande vifupi vya DNA vya kuanzia) zishike, unapandisha 72 enzaimu ijenge nakala, kila mzunguko nakala zinakua mara mbili, mizunguko 30 umeshapita bilioni (umeme ukikatika kwenye wa 22 unaanza upya, usiniulize nimejuaje). Mwanzoni enzaimu ilikuwa inakufa kila ukichemsha, yaani mtu anakaa anafungua tyubu anaongeza nyingine kila mzunguko, mpaka walipochukua ya bakteria wa chemchemi za moto za Yellowstone, hiyo Taq tunayotumia mpaka leo.

Sa hela. Mullis alipewa bonasi ya dola 10,000. Mwaka 1991 kampuni ya dawa ya Roche wakanunua haki za PCR kwa dola milioni 300. Nobel kaipata 1993 sawa, ila piga hesabu mwenyewe. Patenti hizo mbili Marekani ziliisha 2005, kwa hiyo dogo, njia yenyewe sasa ni ya wote, tunacholipia ni kit ya vitendanishi na mashine.

Lakini kinachoniuma mimi ni habari ya kingamwili, zile protini zinazoshika kitu kimoja maalumu kwenye sampuli. Kipimo cha mimba, mRDT (kipimo cha haraka) ya malaria, vyote vinategemea kingamwili za aina moja, njia waliyoitoa watafiti Köhler na Milstein pale Cambridge, Uingereza, 1975. Milstein alitoa taarifa mapema kwamba njia inaweza kupatiwa patenti, ila makala ikachapishwa kabla hajajibiwa, na kwa Uingereza ukishachapisha basi tena, patenti hupati; wahusika wa serikali walipojibu baadaye wakasema hawaoni matumizi ya karibuni. Halafu mtafiti Koprowski na wenzake wa taasisi ya Wistar, Marekani, wakapata patenti 1979 na 1980 za kingamwili dhidi ya uvimbe wa saratani na virusi, na seli walizoanzia zilitoka kwa Milstein huyohuyo!

Dogo akauliza, sa Milstein yeye akapata nini? Nikamwambia Nobel ya 1984, na hata hiyo waligawana watatu. Akaniangalia, "Basi?" Nikamwambia funga mfuniko wa mashine tuanze.